Nilijifunza mtindo wa korongo kitabuni, nikaanza pambano kwa shikamoo

Wakuu, nawasalimu kwa mkupuo mmoja maana mko wengi.

Ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe. Waliokuwepo wengi bado wapo Ifakara na Lupiro, na wakisoma hapa wataanza kucheka kabla sijamaliza.

Juzi nilikuwa natoka Mahenge narudi Ifakara. Gari likapita juu ya daraja la mto Kilombero, kufumba na kufumbua tukawa ng'ambo. Vijana ndani ya gari hata hawakuinua macho kwenye simu. Mimi nikabaki natazama maji.

Maana zamani pale tulivuka kwa pantoni. Unafika, unasubiri. Ukiikuta iko ng'ambo, unasubiri zaidi. Watu wakisubiri wanakula, kwa hiyo kuna watu wanauza.

Dada yangu Yusta alikuwa mmoja wao. Alikaanga samaki upande wetu wa Ifakara.

Baba alikuwa ameshafariki. Dada alimaliza form four, masomo yakaishia hapo, akashika karai la mafuta ili nyumba iende. Mimi nilikuwa darasa la sita. Asubuhi nambebea kuni, ndipo naenda shule.

Sasa pale pantoni kulikuwa na kuli mmoja tukimwita Tani. Anabeba gunia la mpunga kama wewe unavyobeba mkoba. Kila siku lazima apite kwa dada, amshike mkono, amng'ang'anie huku anamtania mbele za watu. Dada anavuta mkono, yeye anakaza. Watu wanacheka.

Kile kicheko ndicho kilikuwa kinaniuma kuliko Tani mwenyewe.

Dada naye akaacha kucheka kabisa, hata nyumbani. Halafu nikamsikia anamwambia mama kwamba ile posa ya mzee wa Malinyi, yule mwenye wake tayari, bora tuikubali tu. Walau aachane na pantoni.

Niliposikia hivyo nikaamua Tani lazima apigwe. Tatizo likawa apigwe na nani.

Hapa ndipo anaingia rafiki yangu Deo. Kaka yake alikuwa utingo wa lori la mpunga, na abiria mmoja alisahau kitabu ndani ya gari. Kitabu cha kung fu wakuu! Jalada halipo, kurasa za mwanzo hazipo, maandishi ni Kiingereza kitupu. Lakini michoro yake sasa! Mtu anakunja vidole kama makucha, mtu anajinyonganyonga kama nyoka, na mishale inaonyesha mkono uende wapi, mguu uende wapi. Kila style ina mnyama wake.

Deo alikuwa form one, ana kamusi ndogo, kwa hiyo moja kwa moja akawa mwalimu.

Chui tulimwelewa. Nyoka tulimwelewa. Joka tukakubaliana ni chatu aliyeshiba. Tukafika kwenye ukurasa umeandikwa crane, Deo akafungua kamusi, akasoma kwa sauti: "Korongo."

Tukatazamana. Korongo tulilijua vizuri sana. Lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, limechimbwa na maji ya mvua yanayokimbilia mto Lumemo.

Mchoro ulikuwa wa mtu amesimama mguu mmoja, mwingine ameukunja juu, mikono ameitanua huku na huku. Deo akautazama weee, kisha akasema, "Huyu anapima upana wa korongo kabla hajaruka. Ukishazoea kuliruka, adui hakupati."

Mimi nani nibishe? Mtu ana kamusi.

Basi tukaanza mazoezi serious. Kila jioni tuko ukingoni mwa korongo, mguu juu, mikono kama mtu anayeanika shuka, tunahesabu, tunaruka. Ulikuwa msimu wa mavuno, mji mzima unanukia mpunga mpya. Tukikosea tunatumbukia kwenye tope hadi magotini, tunacheka, tunapanda tena. Natamani mno zile jioni jamani. Sijawahi tena kuwa na uhakika na jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika na lile korongo.

Jioni moja dada akaja kuniita nikachote maji. Akatukuta mguu juu. Akauliza, "Nyie mnafanya nini?"

Deo akajibu kwa heshima zote, "Dada, huu ni mtindo wa korongo."

Dada akachukua kitabu, akasoma ule ukurasa. Akasoma tena. Halafu akakaa chini palepale kwenye majani na kuanza kucheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Korongo ni ndege, nyie! Ndege! Si yule mwenye miguu mirefu anayesimama kule mbugani?"

Deo akanuna. Mimi sikujali hata kidogo. Dada alikuwa amecheka, na nilikuwa nimeshaanza kusahau kicheko chake kikoje.

Hakuniuliza tunajifunza ili iweje. Nami sikumwambia.

Jumamosi sina shule, nikakaa naye pantoni tangu asubuhi. Tani akaja kama kawaida yake. Akamshika dada mkono. Dada akavuta. Watu wakaanza kile kicheko chao.

Nikasimama mbele ya Tani.

Sasa wakuu, kitabu kilikuwa kinaonyesha kwamba kabla ya pambano watu wanainamiana. Deo alinifafanulia kuwa hiyo ni heshima, na huwezi kumpiga mtu bila kumpa heshima yake kwanza. Na mimi heshima ya kumpa mtu aliyenizidi umri nilikuwa naijua moja tu.

Nikainama. Nikasema, "Shikamoo kaka."

Tani akaitika, "Marahaba." Akaitika vizuri tu, kwa mazoea, huku bado amemshika dada.

Nikainua mguu. Nikatanua mikono.

Kilichofuata sikukiona. Nilisikia paa! Nikajikuta chini, pembeni ya kuni, sikio linapiga filimbi. Kofi moja wakuu. Kung fu yote niliyoisotea iliishia hapo.

Nikasubiri watu wacheke. Hawakucheka.

Mama mmoja muuza ndizi, Mpogoro wa ng'ambo, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akigombana, aliweka beseni lake chini.

"Wee Tani. Huyu mtoto kakupa shikamoo?"

Tani akageuza uso kwenye maji.

"Nakuuliza, kakupa, hakukupa? Na ukaitika marahaba? Umeitika utu uzima, halafu unampiga aliyekuamkia? Wewe umelelewa wapi?"

"Mama, huyu dogo kanichokoza..."

"Alikuchokoza kwa shikamoo?"

Akina mama wengine wakainuka. Mmoja akauchomoa mkono wa dada mkononi mwa Tani. Mwingine akaniinua, ananipangusa vumbi huku anamsema Tani. Na wale wanaume waliozoea kucheka sasa wanaangalia viatu vyao.

Mzee aliyekuwa anaendesha pantoni akazima injini. Akasema pale hapakiwi gunia wala havuki mtu mpaka huyu bwana amwombe radhi binti wa watu.

Abiria wanataka kuvuka, jua linapanda. Tani akatazama kushoto, akatazama kulia, hana wa kumtetea. Akamwomba dada radhi, tena kwa sauti, maana mara ya kwanza yule mama alisema hajasikia. Tangu siku ile hakumgusa tena.

Jioni dada akachemsha maji, akanikanda shavu kwa kitambaa. Nilikuwa nalia, siyo kwa maumivu, kwa aibu. Nikamwambia, "Dada nisamehe, nimepigwa kofi moja tu nikaanguka."

Akaendelea kukanda. Kisha akasema taratibu, "Tangu baba afariki nilijua nyuma yangu hakuna mtu. Leo nimemwona. Kasimama mguu mmoja, lakini yupo."

Wiki hiyohiyo akamwambia mama ile posa ya Malinyi irudishwe.

Leo dada ana mgahawa wake Lupiro, na ukifika utamsikia anavyocheka kabla hujamwona. Deo ni mwalimu, na namshukuru Mungu anafundisha hesabu.

Nilichojifunza wakuu: mtu wako akidhalilishwa mbele za watu, simama mbele za watu hao hao, hata kama kupigana hujui. Wengi wanaocheka wanaona vibaya ndani yao, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Kama na wewe uliwahi kujifunza kupigana kupitia kitabu, shusha hapa chini utuambie ulipigwaje.