Kamba ya Bibi na Goli la Baba Mdogo

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kwenye arobaini ya binamu yangu. Jioni, miguu ikiwa imekufa ganzi kwa kukaa mkekani, nikajikongoja hadi kwenye ule uwanja wa zamani wa shamba la mkonge. Vijana walikuwa wanacheza mpira, lakini mimi macho yangu yaliganda golini, maana lango lilikuwa limevishwa chandarua. Chandarua kabisa, ndugu yangu, kile cha bluu tunachogawiwa zahanati! Nikacheka peke yangu mpaka kijana mmoja akamwuliza mwenzake kama yule bibi ni mzima. Mzima sana, mjukuu wangu. Nilikuwa nimekumbuka wavu mwingine tu, na aliyeusuka, na kizaazaa alichokizua.

Enzi hizo ni za Mwingereza, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naota meno ya mbele. Tulikaa kambini, kwenye nyumba za mstari za wafanyakazi wa mkonge. Alfajiri king'ora, kisha mchana kutwa korona inanguruma, yaani ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge. Maji yake ya kijani yalikuwa na uvundo wa kukutoa machozi. Mgeni akija kutoka Mamboya anaziba pua, na sisi tunamhurumia tukidhani ana mafua.

Bibi, mzaa baba, alikuwa fundi wa kamba. Ukimkuta barazani kwake utamkuta amenyoosha mguu, anasokota nyuzi za katani juu ya paja, huku anatafuna njugu na kuwasema majirani. Paja lake la kulia liliota sugu ngumu, na alitutaka tuiguse ili tujue kazi ni nini. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Akiamua jambo, limeamuliwa.

Jumapili ilikuwa siku ya mpira, na mechi yenyewe hasa ilikuwa moja: timu ya shamba na timu ya reli. Hakuna aliyebandika tangazo, lakini kila mtu alijua pa kukaa. Wazungu walikuwa upande wa magharibi, chini ya turubai, jua mgongoni, kwenye viti vya kukunja, na birika la chai. Wahindi, Waarabu, Wagoa na Makalasinga walikuwa na mabenchi yao nyuma ya goli la kiwandani. Sisi tuliobaki, Wasagara na Wakaguru na Wabena na Wangoni na Waha na kila aliyeletwa na mkonge, tulisimama upande wa mashariki, na jua la saa kumi likatupiga usoni. Mpira tuliutazama kwa jicho moja, lingine tumelifumba.

Kilichotutenga kilikuwa kamba ya katani, ndefu, iliyofungwa kwenye vigingi kuzunguka uwanja mzima na kukata kati ya kundi na kundi. Kamba hiyo aliisokota Bibi kwa paja lake mwenyewe. Kila mwanzo wa msimu nyapara wa shamba alimletea nyumbani airekebishe palipolika, naye aliirekebisha vizuri sana. Kazi mbovu ilimtia aibu hata kama kazi yenyewe ilikuwa ni ya kumfungia yeye juani.

Lakini mioyo, wee, mioyo haikufuata kamba. Meneja wetu, Mgiriki mnene, alikuwa shamba damu. Kalasinga fundi wa korona naye ni shamba. Timu ikifungwa, kesho yake mashine inapigwa spana kwa hasira. Upande wa reli alikuwapo stesheni masta, Mgoa mwenye suti nyeupe na saa ya mnyororo. Huyo akipandwa na mori alipuliza filimbi yake ya treni, wachezaji wote wakasimama wakidhani ni refa. Mwarabu mwenye duka alikuwa reli, mkewe shamba, na Jumapili jioni hapo dukani hukai. Basi kila chumba cha ile kamba kilikuwa na ugomvi wake wa ndani, na watu waliotaka kushangilia pamoja walikuwa wanapungiana mikono kwa mbali.

Sasa ngoja nikwambie kisa chenyewe. Baba mdogo, kitindamimba wa Bibi, alikuwa senta fowadi wa shamba. Na alikuwa amempenda binti wa mzee mmoja wa reli, mpanga mataruma ya njia ya treni, mzee mkavu ambaye hata kicheko alikuwa anakipima kwanza. Posa ilikuwa imekwishapelekwa. Mzee alikuwa anaelekea kukubali. Halafu ikaja mechi ile.

Dakika za mwisho baba mdogo akapiga shuti. Magoli yetu hayakuwa na nyavu, milingoti mitatu tu, kwa hiyo mpira ukapita ukaenda kumgonga mbuzi wa watu huko nyuma. Sisi tukaruka: goli! Kipa wa reli akasema umepita nje ya mlingoti. Kipa huyo alitoka Mikumi, pande la mtu, na alijisifu kwamba kwao alizoea kufukuza tembo shambani. Refa, Mwingereza wa idara ya barabara, alikuwa anafuta miwani. Muungwana yule, akaamua kuuliza watu. Sisi wa mashariki tukaambiwa jua lilikuwa machoni. Kalasinga akaapa kwa ndevu zake kwamba limeingia, akaambiwa wewe ni wa shamba. Baba mdogo akaapa kwa Mungu. Goli likakataliwa.

Kesho yake mzee wa reli akarudisha posa. Akamwambia mshenga, na maneno hayo Bibi aliyakariri mpaka kufa kwake: "Mtu anayemwapia Mungu uongo kwa sababu ya mpira, nikimpa binti yangu ataniapia nini? Siku atakayofunga goli nikaliona kwa macho yangu, aje."

Baba mdogo alikonda. Alikuwa anakula ugali bila mboga, si kwa kukosa mboga, ni kwa kutoiona. Bibi naye roho ilimuuma. Alinambia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa namshikia ncha ya uzi: "Mwanangu si mwongo. Wameniitia mwanangu mwongo mbele ya mataifa yote!"

Mwaka uliofuata, ilipokaribia mechi ya marudiano, meneja akaamua magoli yawekwe nyavu ili ubishi uishe. Kazi akapewa Bibi, na katani akapimiwa ya kutosha, kwa hesabu ya Mgiriki. Tatizo ni kwamba wavu aliokuwa anaujua Bibi ni mmoja tu, wa kuvulia samaki mtoni Mkondoa, aliofundishwa na baba yake. Akasuka huo. Matundu yake yalipitisha kidole gumba basi. Nikamwambia, Bibi, mpira ni mkubwa kuliko samaki. Akanijibu: "Na pasipopita kambare, mpira utapita?" Hapo ukabishe nini?

Ijumaa goli moja likawa limevaa vizuri, la pili halina hata nusu, na katani imekwisha. Kuomba nyingine ilikuwa aibu, maana angekiri kwamba amekosea kipimo. Bibi akakaa akatazama pembeni ya baraza. Pale ilikuwa imelala ile kamba ya mpaka, imeletwa na nyapara kama kawaida. Akaitazama sana. Kisha akanituma nilete kisu.

Tuliifumua na kuisuka wavu siku mbili, mimi na yeye. Sijui kama alifikiria kitu kingine zaidi ya wavu. Ninachojua ni kwamba alikuwa anaimba.

Jumapili nyapara akaja kuulizia kamba. Bibi akamwonyesha golini. "Iko pale. Kaichukue." Maskini ya Mungu, uso ulimshuka! Watu walikuwa wanaingia tayari. Akabaki anakimbia kutoka kigingi hadi kigingi, mikono kaitandaza, anapiga kelele: "Mpaka upo! Hamuuoni tu, lakini upo!" Na kwa dakika kama tano watu wakamtii. Mazoea ni kitu kibaya. Tulisimama juani tunaufuata mstari ambao haukuwapo.

Aliyeuvunja ni Bibi. Alichukua kigoda chake akaenda kukaa nyuma ya goli la reli, akasema analinda wavu wake. Kalasinga akaondoka kwenye benchi akamfuata, maana fundi lazima aone kazi ya fundi mwenzake. Meneja naye akaja. Na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kila mtu alitaka kuona mpira ukiingia wavuni, kitu ambacho hatukuwa tumekiona maishani, na pazuri pa kukionea ni nyuma ya goli. Nyuma ya goli unalotaka lifungwe, si lako! Basi watu wa shamba wote, Mgiriki, Kalasinga, mke wa Mwarabu, manamba na ngoma zao, tukajazana nyuma ya kipa wa Mikumi kumzomea. Watu wa reli wote, Mgoa, makarani, mzee wa mataruma na Wazungu wawili watatu, wakajazana nyuma ya kipa wetu. Turubai likabaki na birika la chai tu.

Mama mmoja wa Kihindi aliyebanwa karibu na Bibi akafungua kikapu akampa bajia. Bibi akampa muhogo wa kuchemsha. Bibi akatafuna, macho yakamtoka, akasema pilipili ile imewekwa kumwadhibu mtu, akaomba nyingine.

Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili bila, na wavu wa reli haujaguswa hata na upepo. Kisha timu zikabadilishana magoli. Tukatazamana. Lile tulilolizunguka sasa ni letu!

Ndugu yangu, umewahi kuona kambi mbili zinahama kwa wakati mmoja? Uwanja mzima ulivuka. Sisi tukaenda huku, wao wakaja kule, tukapishana katikati. Bibi na kigoda kichwani. Mgiriki amejitwika kiti chake mwenyewe, jambo ambalo watu walilihadithia mwaka mzima. Kalasinga na stesheni masta wakagongana vifua, wakaombana radhi, wakatukanana, wakaombana radhi tena. Mimi nilimkuta mzee wa reli uso kwa uso, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ukali kana kwamba nimemkanyaga. Binti yake alikuwa nyuma yake. Tulipofika upande wetu nikageuka, nikamwona binti yupo na sisi. Eti alipotea njiani. Kupotea uwanjani mchana kweupe!

Reli wakaongeza la tatu. Watu wetu wakaanza kuzungumza habari za mvua. Bibi alikuwa ameshika kanga yake mdomoni. Ndipo baba mdogo akaupata mpira, akamhepa mmoja, akamhepa wa pili, akaupiga. Sikusikia ngoma, sikusikia chochote. Niliona tu wavu unavimba kuja usoni mwetu.

Mpira uliingia, na kipa wa Mikumi akaingia nao. Na hawakutoka! Wavu wa kambare, mwenzangu. Mpira ulijiviringisha ukaning'inia humo, na yule bwana vidole vyake vyote kumi vimenasa matunduni, pamoja na vifungo vya shati, anapapatika na kulia "Nitoeni!" Mtu aliyefukuza tembo. Kalasinga akachomoa kisu akate, Bibi akamzuia kwa kigoda.

"Hakuna kukata! Mwiteni yule mzee aje aone."

Refa akakubali, sijui kwa nini. Labda alikichoka kisa chetu. Mzee wa reli akavuka uwanja mzima peke yake, taratibu. Akafika, akainama. Akautazama mpira. Akaugusa kwa kidole. Akamtazama na kipa, ambaye alikuwa amefumba macho kwa haya.

"Hili limeingia," akasema.

Bibi hakuinuka kwenye kigoda. "Na lile la mwaka jana?"

Baba mdogo alikuwa amesimama pale, jasho linamtiririka, hapumui. Kisha mzee akavua kofia. "Mama, siku ile na mimi jua lilikuwa machoni. Niliona aibu kusema. Nisamehe. Lete mshenga."

Bibi alilia. Mimi sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Tulifungwa tatu kwa moja, na ukituona tulivyorudi kambini ungedhani tumechukua kombe. Kabla ya kurudi, watu walipiga magoti pale wavuni kumnasua kipa, mikono ya kila rangi inafumua vifundo, Bibi anawaelekeza na kuwakemea wote sawasawa.

Msimu uliofuata kamba haikuletwa nyumbani. Walizungushia seng'enge, na kurekebisha seng'enge hakukuhitaji paja la Bibi. Alikwenda akaitazama mara moja, akatema mate, akarudi kusokota. Mpira hakwenda tena.

Sasa wote wamekwenda. Mgiriki aliondoka, mkonge ukafa, korona ikauzwa chuma chakavu. Kalasinga, Mgoa, yule mama wa bajia, sijui hata walikozikwa. Baba mdogo na mama mdogo wako pale mteremkoni, kaburi kwa kaburi, na hata vigingi vya seng'enge vimeliwa na mchwa.

Siku ile ya chandarua kijana mmoja alinijia, akaniamkia kwa adabu. "Bibi, mbona unaungua? Kivuli kiko upande ule." Nikatazama, nikaona kweli. Uwanja mtupu, hakuna kamba, hakuna nyapara, na mimi miguu yangu imenileta mashariki, nimesimama juani, jicho moja nimelifumba.

Nikavuka. Mpira ulikuwa unaendelea na vijana wakanipigia miluzi nitoke, lakini nilikwenda taratibu. Nilipofika katikati nikasimama kidogo, kwa mazoea, nikingoja kupishana na watu.