Kiu ya Babu Yake Severina

Mama Severina alikuwa mpishi wa shule yetu ya wasichana kule Mbeya, na tulimwogopa kuliko Padre. Padre Ambrosi ukimkosea alikupa Salamu Maria za kusali. Mama Severina alikupa masufuria ya kusugua. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mrefu, shingo imenyooka, asiyeona sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya yeyote, Sakramenti tu ndiyo aliyoiinamia. Upande wetu aliletwa na mume aliyekwenda kuchimba dhahabu Chunya. Dhahabu haikuonekana, na baadaye mume naye hakuonekana. Mwenyewe akisimulia alicheka tu: "Nilibaki na sufuria yake. Sufuria haitoroki."

Alisifika kwa chumvi. Hakupima kwa kijiko. Alichota kwa vidole, akatupia, na maharage yakatoka sawasawa kila siku ya Mungu. Sisi Wanyakyusa alitutania kutwa kwamba tumelelewa kwa ndizi, ndiyo maana tunateleza kwenye hesabu. Nasi tukamjibu kwamba Wahehe wamenyonyeshwa na mianzi, kwa vile wanavyoupenda ulanzi, ile pombe wanayoigema kwenye mianzi michanga. Alicheka, kisha akatugawia masufuria.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Babu yake alifia Kalenga, siku Wajerumani walipoivunja ngome ya Wahehe, na kwao walisema alikata roho akiomba maji. Tangu hapo kila mwaka mtu mmoja wa ukoo alikwenda ukutani kummwagia ulanzi kidogo. Mama yake mzazi alipokuwa kitandani, karibu na kufa, alimwachia yeye kazi hiyo, maana wengine wa damu ya babu yule walikuwa wamekwisha. Na yeye akawa yuko Mbeya, miaka inapita, babu ana kiu.

Utasema, si angekwenda tu? Lakini mwaka wa hamsini na sita katekista mmoja alikutwa akitambika kwa wazee wake. Padre Ambrosi alimsimamisha mbele ya kanisa zima, akamvua kazi na kumnyima komunyo. Mama Severina alikuwa benchi la mbele siku ile, akasikia kila neno. Alijua akikamatwa atapoteza jiko, chumba na komunyo kwa mpigo mmoja, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Basi mwaka wa hamsini na saba, Pasaka imepita tu, Padre akatangaza safari. Wasichana wa darasa la juu tungekwenda kuona magofu ya Kalenga ili tutafakari imani yetu, na mpishi angekwenda nasi kwa sababu hata kutafakari kunahitaji uji. Mama Severina aliposikia aliuacha mwiko ukazama ndani ya sufuria.

Tulisafiri kwa lori, kwenye matope, tukalala misheni ya Tosamaganga. Padre alibeba maji aliyoyabariki mkesha wa Pasaka, ndani ya chupa ya kijani iliyokuwa ya divai ya misa. Chupa hizo aliyeziosha kila mara ni Mama Severina, na moja tupu alikuwa ameibeba kwa shughuli zake. Kwa nini chupa za namna hiyo? Kwanza zilikuwa na vizibo vizuri. Pili, alivyotuambia mwenyewe, babu yake hakuwa mtu wa kupelekewa kinywaji kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Asubuhi lori liliposimama Kihesa, mjini Iringa, Mama Severina akaomba ruhusa akamwamkie shangazi yake, Rozalia. Akarudi na kitu amekiviringisha kwenye khanga.

"Nini hicho, Mama?" akauliza Apolonia, mwenzetu ambaye hakuweza kuona kitu akakiacha.

"Dawa ya macho," akasema. "Ya watu wanaochungulia vya wenzao."

Njiani lori likaruka mashimo, mizigo ikamwagika. Sisi wasichana tuliolelewa vizuri tukaokota kila kitu tukakirudisha mahali pake. Chupa moja ya kijani kwenye kikapu cha Padre, chupa moja ya kijani kwenye khanga ya Mama. Tulihakikisha kila mmoja amepata chupa. Zaidi ya hapo hatukuhakikisha.

Kalenga nilitegemea ngome. Nilikuta vipande vya ukuta wa mawe na udongo, majani yameota juu, na mbuzi wawili wasiojali historia. Padre akasimama juu ya jiwe akatueleza habari za vita, mizinga, na watu waliokufa wakiwa gizani kwa sababu Habari Njema ilikuwa haijawafikia.

Apolonia akanyoosha mkono. "Padre, hawa waliofia hapa wako wapi sasa?"

"Wamekufa, Apolonia."

"Hilo najua, Padre. Nauliza wako wapi."

Padre akavua miwani. "Huruma ya Mungu ni kubwa. Lakini mlango tuliopewa ni ubatizo, na hawa hawakuupata."

"Sasa kosa lao nini? Si mapadre ndio walichelewa?"

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Padre hakucheka. Alisugua miwani yake kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Nikamtazama Mama Severina, naye alikuwa amebana midomo. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba anakwenda kichakani mara moja, akachukua khanga yake, akazunguka nyuma ya ukuta.

Yaliyotokea kule alituambia baadaye, jikoni. Alipiga magoti, akavuta kizibo. Kikatoka bila mlio wowote. Akaona ajabu kidogo, lakini muda ulikuwa mdogo. "Kamwene, babu," akamwamkia Kihehe. "Ni Severina, mtoto wa binti yako. Nimechelewa sana. Kunywa, kiu ikuishie, na usinikasirikie." Akamwaga yote. Udongo ulipokwisha kunywa ndipo alipogundua kwamba hasikii harufu ya ulanzi. Akaramba mdomo wa chupa. Maji matupu.

Na hapo hapo, upande wa pili wa ukuta, akasikia: puu!

Ulanzi wa asubuhi, ukizibwa na kutikiswa njia nzima, haukai kimya. Padre alikuwa amefungua chupa abariki magofu, na kizibo kikampita sikioni. Povu likamtiririka mkononi mpaka kwenye kanzu nyeupe. Akasogeza vidole puani. Padre Ambrosi alikuwa Mbena wa Njombe, na mtu wa Njombe haulizi ile ni harufu ya nini.

Padre akaitazama chupa, akautazama ukuta. Juu ya ukuta kilionekana kilemba cha Mama Severina, hakitikisiki. Niliogopa kwa ajili yake.

Padre akakohoa. Kisha akaendelea na Kilatini chake pale pale alipokuwa ameishia, akaanza kunyunyiza. Akaunyunyizia ukuta mwanzo hadi mwisho, kwa ukarimu ambao kanisani hatujawahi kuuona, halafu akatugeukia sisi. Apolonia tone lilimwangukia mdomoni. Akaramba, akasema "Amina" kabla ya wakati wake, akainua uso aongezewe.

Kurudi, Padre alimwita Mama Severina akae mbele naye, na haya nayo alitusimulia jikoni.

"Severina, maji yangu yako wapi?"

"Yamekwisha, Padre."

"Umemmwagia nani?"

Angeweza kudanganya. Shingo ile haikukubali. "Babu yangu. Alikufa na kiu. Nifukuze, Padre, lakini nifukuze tukishafika Mbeya, watoto wasije wakalala njaa njiani."

Lori likapanda kilima kizima, Padre akitazama njia. "Ulisema nini wakati unamwaga?" akauliza. Akamwambia neno kwa neno.

"Na yalikuwa maji ya Pasaka, ya kubatizia," Padre akasema, taratibu. Baadaye tena akasema, "Babu yangu mimi alikufa mwaka mmoja kabla mapadre hawajafika kwetu. Sijawahi kumpa hata tone." Akageukia dirishani. "Wa kwako aliitwa nani?"

"Kihwele."

Tulipofika akampa chupa ile, tupu, akaioshe. Mama Severina aliapa mpaka mwisho wa maisha yake kwamba chupa ile ilipotoka Kalenga ilikuwa na robo nzima ya ulanzi, na kwamba haikumwagika.

Wiki ile ile yule katekista alirudishiwa kazi, bila maelezo. Jumapili Padre akasimama altareni na kutangaza kwamba misa inaombewa marehemu Kihwele wa Kalenga na marehemu Mgaya wa Njombe. Watu wakageuka kutazamana, maana majina yale hayakutanguliwa na jina la mtakatifu yeyote. Benchi la mbele Mama Severina aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka, nasi tusijue pa kuangalia.

Mchana ule maharage yalitiwa chumvi mara mbili. Tuliyala yote, na Apolonia akaomba aongezwe.