Debe Chini ya Mtetea

Kule sokoni Babati, nyuma ya wauza dagaa, bado wapo mafundi wanaotengeneza makatambuga, viatu vya matairi. Jua likikolea, matairi yale yaliyochanwa hutoa harufu nzito ya raba, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, husimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mafundi hudhani nataka viatu, wananiwekea kigoda. Sitaki viatu. Nanusa gari la baba yangu.

Ndiyo, gari. Sisi watu wa Maisaka, enzi zile sukari ilipokuwa hadithi na kipande cha sabuni kikifichwa pamoja na vyeti vya ubatizo, tulikuwa na gari la Kijapani la milango miwili, jekundu, la aina wanayopenda vijana wa mbio. Msicheke sasa hivi. Mtacheka huko mbele.

Kwanza niwaambie habari za mama, maana bila hizo mtamwona baba mwendawazimu kama alivyoonekana mtaani. Mwaka uliotangulia mama alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Baba akakimbia huku na huku: mwenye gari hana petroli, mwenye petroli hana tairi. Mwisho likapatikana lori la mahindi lililokuwa linaelekea Dareda, kwenye hospitali ya misheni. Lori likakwama kwenye korongo katikati ya njia, likagoma hapo hapo, wakafika hospitali wakiwa wamechelewa. Mama alirudi nyumbani bila mtoto, na yeye mwenyewe nusura tumkose. Daktari akamwambia asithubutu kabisa kuzalia nyumbani. Mwingine akija, atatolewa kwa kisu au hatatoka. Na sasa tumbo lilikuwa limeanza tena kuonekana chini ya kanga.

Lakini kwetu mimba haisemwi. Hununui nguo za mtoto, huchongi kitanda chake, huulizi atafika lini. Ukimtaja kabla hajaja, unawaonyesha njia wote wasiomtakia mema. Wazee wa kanisa walisema huo ni ushirikina, ila sikumsikia hata mmoja wao akitaja. Basi tumbo la mama likakua nyumbani kwetu kama mgeni ambaye kila mtu anampisha mlangoni na hakuna anayemsalimu.

Gari lilifika likikokotwa na maksai. Kijana mmoja wa Arusha alikuwa amelishusha ili lipendeze mjini: springi za mbele alizikata kwa msumeno, za nyuma akazipunguza vyuma, gari likalala hadi likakaribia kugusa ardhi. Mjini lami ilimsitiri. Barabara ya Dodoma haikuwa na lami, na pale Bonga jiwe likamtobolea tenki la petroli. Alikaa kando ya njia kutwa nzima na miwani yake ya jua, mpaka baba akampa kabati jipya la nguo na ng'ombe wetu wa pekee, mtamba. Mtamba akamuuza palepale, akapanda basi, kabati likafungwa juu ya keria. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mtaa ulitoka wote kutazama. Mama Paskali, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alilizunguka gari, akainama, akachungulia chini yake.

"Baba Martina, hili mbona limetamia? Kuna mayai?"

Watu wakashika mbavu. Tangu saa hiyo gari likaitwa Mtetea. Hata mimi niliyekuwa na aibu ya kufa nililiita hivyo, kimoyomoyo.

"Ni la biashara," baba alijibu. Biashara gani, hakusema. Kila aliyeuliza alipewa jibu hilo hilo, la biashara, kwa uso mkavu wa mtu anayepima ubao. Baba alikuwa seremala. Ujuzi wake wa magari ulitokana na ujana wake, alipokuwa utingo wa lori la pamba, na utingo, kama mjuavyo, hujifunza kusukuma kuliko kuendesha. Lakini baba akishaamua jambo, hata ungemwekea mlima mbele angeuliza tu umetengenezwa kwa mawe ya aina gani.

Alianza na tenki. Wakati ule fundi wa kuchomelea alikuwepo, ila hakuwa na gesi, na mwenye gesi alikuwa mbali. Baba alikumbuka kutoka enzi za utingo kwamba sabuni ya kipande, ukiisugua kavu kwenye tundu, petroli haiiyeyushi. Akaingia ndani, akasimama mbele ya mama, akashindwa kuomba. Nyumba nzima ilikuwa na kipande kimoja tu. Mama akamtazama, akakitoa kabatini, akamkabidhi chote.

"Majani ya mpapai yapo," alisema, na kwa miezi iliyofuata tulifua kwa majani ya mpapai. Nguo zangu za shule ziligeuka rangi ya uji. Nilichukia! Nilitembea nimekunja uso kana kwamba gari lile lilinitukana mimi binafsi.

Kuliinua ndiko kulikokuwa kazi. Jeki hatukuwa nayo. Tuliingiza boriti ndefu chini yake, wanaume wakaning'inia upande wa pili, na baba akajitosa chini huku mama akigeuza uso asione. Springi za mbele zilimkera mno. "Mtu anachukua kitu kizima, anakikata kiwe kifupi, eti urembo," alinung'unika. "Ubao ukishaukata umeukata, utaongea nao nini?" Dawa yake ilipatikana kwa Mzee Boay, fundi wa makatambuga. Mzee yule alikuwa na Kiswahili kizito cha milimani Mbulu na hasira za karibu. Alichonga vipande vinene vya tairi la lori, akavitilia mfereji, wakavigongomelea katikati ya mizunguko ya springi ili zisilale. Za nyuma, baba aliziongezea vyuma vya trela bovu la trekta. Kila jioni pale uani palinuka raba, grisi na jasho.

Kipimo chetu kilikuwa debe. Siyo debe la kufikirika. Debe lenyewe, la bati, tulilopimia mahindi. Baba alikuwa ametembea kwa miguu mpaka kwenye lile korongo, akapima jiwe kubwa lililo katikati ya njia, akakuta urefu wake ni sawa na debe lililolazwa. Gari likipita juu ya debe bila kuligusa, litapita korongoni. Kazi yangu ilikuwa kulaza debe katikati ya njia ya magurudumu, kisha kupiga magoti na kutangaza. Niliipenda kazi hiyo, licha ya kinyongo changu.

Siku Mtetea alipopita juu yake wazi wazi, bila hata mkwaruzo, niliruka juu nikipiga kelele "Limepita!" na ua mzima ukashangilia. Mzee Boay alicheza hatua mbili tatu za kwao. Baba akafuta mikono kwa tambara, taratibu, akizuia tabasamu.

Mama alikuwa ameegemea mlango wa jiko. "Na mtu akikaa ndani?" aliuliza.

Sote tulikuwa tumelipima likiwa tupu! Seremala, fundi viatu, wanaume wazima waliobeba magunia maisha yao yote, hakuna aliyefikiria uzito. Lakini fikirini: kabati halishuki ukilijaza nguo. Baba alikuwa amepima gari kama anavyopima kabati.

Mama akakunja kiti cha mbele, akajiingiza nyuma kwa shida na tumbo lake, akaketi. Mama Paskali naye akapenya akaketi karibu yake, gari likagumia. Mimi nikaamriwa niende mbele. Baba akaliachia lishuke kwenye kimteremko cha ua, na tukasikia debe letu likisagika chini yetu, kraa, mpaka mwisho.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. "Mtetea kalalia yai!" Mzee Boay alipayuka. Hata baba alicheka, ila macho yake hayakucheka. Akafungua mlango amsaidie mama kutoka.

"Sitoki," mama alisema.

"Mama Martina..."

"Leteni debe lingine. Na leteni maharage yangu nichambue. Mtapima na mimi nikiwa ndani, hata kama ni mpaka Pasaka."

Basi ikawa hivyo. Wakitaka kuliinua kwa boriti, mama alishuka. Likisharudi chini, aliingia tena na ungo wake. Mama Paskali aliingia naye, akilalamika kwamba yeye si gunia la mtu, na hakukosa jioni hata moja. Wakanyoosha vyuma, wakaongeza raba, wakatoa, wakachonga upya. Tuliharibu madebe ya majirani, na hakuna aliyedai lake. Hatimaye nikapiga magoti nikaona mwanga mwembamba kati ya bati na chuma, mama na Mama Paskali wakiwa ndani na mtoto wa jirani akiwa amekaa mahali pangu. Sikupiga kelele safari hii. Nilimwita baba aje aone mwenyewe.

Ikabaki petroli, na petroli ilitolewa kwa kibali, na kibali hakikutolewa kwa watu wa biashara isiyo na jina. Hapo ndipo palipotokea jambo nisilolielewa. Watu wale wale waliokuwa wakicheka walianza kupita nyumbani mmoja mmoja. Mzee Boay alileta chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. "Hii ya kusafishia grisi," alisema, akaenda zake. Dereva wa trekta alileta kidogo kwenye kopo: "Ya brashi zako za rangi, fundi." Mama Paskali alileta galoni, sijui aliitoa wapi, akaiweka karibu na jiko kabla mama hajamfokea. "Ya kuulia kunguni," alisema. Nilishangaa sana. Kwa petroli ile, kunguni wa Babati nzima wangekwisha.

Mama alishikwa asubuhi moja ya mvua, tukinywa uji usio na sukari. Aliweka kikombe chini, akashika ukingo wa meza, akangoja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Martina, twende tukalijaribu gari."

Mama Paskali alikuwa ameshafika kabla hajaitwa. Nilitaka kubaki. Baba akaninyooshea kidole: "Gari limepimwa na nyinyi watatu. Kipimo hakibadilishwi." Nikapanda mbele, galoni ya maji ya rejeta mapajani.

Njia ya Dareda ilikuwa tope jeusi. Mtetea alinguruma, akateleza, akajishika. Nyuma mama hakulia. Alikuwa akipumua kwa nguvu, na Mama Paskali, ambaye siku zote hakuishiwa maneno, alikuwa akisali Salamu Maria chini chini. Tulipofika kwenye korongo baba alipunguza mwendo. Jiwe lilikuwa pale, maji ya mvua yakilizunguka. Baba akakanyaga breki, akalitazama.

"Endesha," mama akasema.

Tukashuka. Nikasikia maji yakipiga sakafu, kisha mkwaruzo mrefu chini ya nyayo zangu, na nikainua miguu. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka kulipunguzia gari uzito. Nilipogeuka nyuma nikakuta mama ameinua yake, na Mama Paskali na unene wake wote ameinua yake, sote watatu tumening'iniza miguu hewani. Mkwaruzo ukaendelea, ukaendelea, ukaachia. Tukawa upande wa pili. Baba hakusimama. Aliendesha huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta, na mimi nikatazama nje kwa heshima.

Mtoto alitolewa kwa kisu mchana ule. Wa kiume, analia kwa hasira.

Kesho yake mimi na baba tulirudi nyumbani. Kwenye kona ya Maisaka watu walikuwa wamesimama kwenye matope, wamejifanya wana shughuli pale. Mzee Boay ndiye aliyesogea dirishani.

"Gari limekwendaje?" aliuliza.

"Vizuri," baba akasema. Kisha akazima gari. "Na wao wazima. Wote wawili."

Mzee Boay aliyekuwa mkali kama pilipili aliketi chini, kwenye tope lile lile, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye masizi ya raba, akalia kwa sauti. Nilimwonea aibu. Nilidhani analilia raba zake.

Nilikuwa nimeshaolewa, na mimi nina tumbo langu lisilosemwa, ndipo nikaelewa. Jirani mmoja alikuja kuniletea mayai, akayaita ya kuku wake yaliyomzidi, na mwaka ule kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa kideri. Nikakaa jikoni nikalia. Mtaa ule wote ulijua tangu siku maksai walipoingia uani. Walijua biashara ni ipi. Walicheka kwa sababu kicheko ndicho kitu pekee walichoruhusiwa kusema, na walikicheka kwa sauti kubwa ili kisisikike kingine.

Mtetea hakutengenezwa tena. Tairi zilikwisha, akabaki uani, na kuku wa kweli wakataga kwenye kiti cha nyuma, pale pale mama alipochambulia maharage. Mdogo wangu sasa ana gari lake, refu, la kupanda kwa ngazi, na njia ya Dareda anaikimbiza kama ya baba yake. Tukifika kwenye lile korongo, ambalo siku hizi lina daraja, hunitazama miguuni na kuniuliza, "Dada, hivi huwa unafanya nini?"

Namwambia napunguza uzito.