Wazee Kumi na Mmoja Juu ya Zamu za Maji

Rayya bint Hilal, karani wa mfereji wetu, ana ubaya mmoja: hapandishi sauti. Unatoka shambani na hasira zako zote, yeye anakumiminia kahawa.

Jumatatu ile nilifika ofisini asubuhi. Miche yangu arubaini ya ndimu ilishaanza kukunja majani, na zamu za maji zilikuwa zimepangwa upya kwa kiangazi. Zamu ikikupita, unangoja siku nane. Kwa jua letu, siku nane ni mazishi.

"Zamu yangu saa ngapi?"

"Sijui, ami Mahfudhi."

"Hujui! Hiyo kompyuta ya kutazamia harusi?"

Akanigeuzia. Ilikuwa mpya, ndogo, imeletwa badala ya ile kubwa iliyokufa. Dirisha la jedwali lilijaa majina: Bismillahi, jina la mfereji, kisha wagawa maji wa zamani, mmoja chini ya mwenzake, kumi na mmoja. Hapo kioo kikaisha. Rayya akasogeza chini, hakikusogea kitu. Akajaribu kulitanua dirisha, likagoma.

"Nawaona marehemu tu," akasema. "Walio hai wako chini."

Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Musallam, mgawa maji aliyestaafu. Aliwagandisha wazee wake juu ya jedwali wasisogee, akalifunga dirisha zima kwa nywila ili asitokee mpumbavu wa kuwafuta. Kwenye kioo kikubwa zamu zilionekana chini yao. Kwenye hiki hapakubaki hata mstari mmoja.

Tukamfuata nyumbani, Rayya kaibeba kompyuta kwapani. Alikuwa barazani anakula tende.

"Nywila sitoi. Mnataka kuwafuta wazee wangu."

"Babu, hafutwi mtu."

"Leo hamfuti. Kesho utawaondoa, uweke picha za maua!"

"Mzee, ndimu zangu zinakufa kwa ajili ya maiti!" nikafoka.

Rayya akanikazia macho. Nikaona haya, maana mmoja wa maiti wale ndiye aliyemgawia babu yangu maji.

Rayya akakaa chini, akaiweka kompyuta mbele ya mzee. "Nisomee, babu."

Mzee akasoma taratibu, kila jina na kisa chake kifupi, hadi la kumi na moja, la baba yake.

"Wa kumi na mbili yuko wapi?" Rayya akauliza.

"Wa kumi na mbili nani?"

"Wewe. Miaka thelathini umegawa maji. Nataka kukuandika, lakini umefunga."

Mzee akakohoa. Akatuamuru tutazame ukutani, akabonyeza nywila kwa kidole kimoja.

Rayya akaondoa ulinzi, akawaachia wazee wasogee, akalitanua dirisha. Zamu zikajitokeza. Yangu ilikuwa saa nne, na kufika saa nne zilibaki dakika kumi.

"Ami, kimbia!"

Nilikimbia na miaka yangu sitini na moja, kanzu nimeikunja hadi magotini, nikafungua lango. Maji yalipoifikia miche ya kwanza nililia, wala sioni aibu kusema.

Alasiri nilirudi na halua ya shukrani. Wazee walishapewa ukurasa wao wenyewe, na Musallam alikuwa wa kumi na mbili. Mwenyewe alikaa kando ya Rayya, akilitazama jina lake bila kupepesa.

"Nifunge tena, babu? Niambie nywila."

"Weka yako," akasema mzee. "Mimi usinitajie."