Niliandika "Afya: Nzuri" bila kumtazama mtoto

Admin, jina langu liweke mfukoni, na shule yangu pia. Nina miaka arobaini na tatu, mwalimu wa shule ya msingi huko vijijini Kisarawe. Mke na watoto wako Kibaha, nawaona Jumamosi na Jumapili. Nafundisha darasa la nne. Vilevile ni mwalimu wa afya wa shule, cheo nilichopewa kwa sababu siku ya kugawana vyeo nilichelewa kikaoni.

Kwetu, siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka, wazazi hukaa kwenye madawati ya watoto wao na mwalimu wa darasa husoma ripoti kwa sauti, moja baada ya nyingine, maana wengine hawajui kusoma na wengine miwani wameiacha kwa jirani. Maoni yangu ni maarufu. Kuna mtoto niliwahi kumwandikia, "Anajua majibu yote ya maswali ambayo hayakuulizwa." Wazazi huja wakijua watacheka, na mimi, nisiwadanganye, huwa naandika nikisikia kicheko chao.

Ripoti ina sehemu ya afya. Tulitakiwa kumpima kila mtoto uzito na urefu, kumwangalia macho na masikio. Mzani ulikuwa mbovu tangu mwezi wa tatu. Basi niliketi ofisini na chai yangu, nikaandika "Nzuri" kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho. Watoto sabini na mmoja, chai haijapoa.

Mmoja wao nitamwita Mwajuma, miaka kumi. Kuanzia mwezi wa tisa aliomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi. Akirudi anapitia kwenye ndoo ya maji, anakunywa kama aliyetoka kulima, halafu anasinzia. Sketi yake alikuwa ameibana kwa pini kiunoni ili isidondoke. Pini niliiona. Nilidhani ni sketi ya dada yake.

Zamu yake ilipofika nikasoma: "Afya: Nzuri. Maoni: Mwajuma na choo cha shule ni pete na kidole. Apunguziwe maji nyumbani, huenda masomo nayo yakapata nafasi." Darasa zima lilicheka. Mwajuma naye alicheka kidogo, ameinamisha kichwa. Baba yake, dereva wa bodaboda, akasimama. "Umenifumbua macho, mwalimu! Kumbe nyumbani anavyomaliza ndoo ni tabia. Huyu nitamnyoosha likizo hii hii."

Akaagiza mtoto apewe kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Yeye anashinda barabarani, kwa hiyo msimamizi wa hivyo vikombe akawa mama wa kambo. Majirani walimwona Mwajuma akinywa maji ya kufulia.

Wiki mbili hazikutimia. Akaanza kutapika, akawa anahema kama aliyekimbizwa. Kufika hospitali, daktari akasema ni sukari, imepanda mno, mtoto alikuwa nayo kwa miezi. Akafariki kesho yake. Mimi mwalimu wa afya nilikuwa najua sukari ni ya wazee wenye vitambi.

Msibani, upande wa wanawake walikuwa wameshatoa hukumu kabla maiti haijatoka: mama wa kambo kamuua mtoto kwa kiu. Matanga yalipoanuliwa, akarudishwa kwao Soga na begi moja.

Wiki iliyopita baba Mwajuma alikuja shuleni. Alikuwa na ripoti ndani ya mfuko wa nailoni, haina hata kunjo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Poleni."

"Tumeshapoa. Jumapili tunasoma arobaini. Baada ya hapo ukoo unakaa, na mtendaji wa kijiji yupo, kisha jambo linaenda polisi. Hapa uliandika afya nzuri. Mtoto wangu alitoka mikononi mwako mzima. Njoo useme hilo tu."

Nikamwuliza, "Na yale maoni ya chini?"

Aliyafunika kwa kiganja. "Yale yalikuwa utani, mwalimu. Mtu mwenye akili si anajua utani?"

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki yake. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Akafunga mlango. "Wewe umeitwa kusoma kilichoandikwa. Soma, urudi. Ukisema hukupima watoto, wataniuliza mimi nilisaini nini. Na marehemu harudi, mwalimu."

Juzi nikapigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama wa kambo. Sauti yake ilikuwa chini, nadhani hakutaka wazazi wake wasikie. "Mwalimu, mimi sikusoma. Ile ripoti nilisomewa. Nilimwambia mume wangu huyu mtoto ana kiu ya ugonjwa, akanijibu, unamzidi mwalimu? Nilikuwa nampa maji kwa kificho. Nani ataniamini?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Mke wangu nimemsimulia nusu, ile nusu ambayo mimi simo. Nikisimama nikasoma ile ripoti kama ilivyo, yule mama anakwenda kujibu kesi ya kifo, naye alitekeleza sentensi niliyoitunga mimi ili watu wacheke. Nikisema kweli, ajira naiona inaondoka, na baba wa watu atajua mbele ya ukoo wake kwamba amri ya vikombe viwili ilitoka kinywani mwake. Hilo nalo analijua, nadhani. Ndiyo maana ananihitaji.

Pole msinipe, sikuijia hapa. Ukimya wangu baba Mwajuma kauchukua kuwa ni ndiyo. Asubuhi ya leo amenitumia ujumbe: "Mwalimu, tumekutengea kiti upande wetu, karibu na mimi." Mlio na watoto, na mlio walimu kama mimi, niambieni kabla ya Jumapili: nikakae kwenye kiti hicho?