Dawa Ikae Nyumba Gani

Miaka ya tisini nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya kanisa huko Kibera, upande wa Silanga, na wagonjwa walionisumbua akili kuliko wote walikuwa wa moyo. Mtu wa malaria anakuja akitetemeka, unajua la kufanya. Mgonjwa wa moyo anakuja kwa miguu yake, anakusalimu, anakaa kwenye benchi vizuri tu, kisha ukimshika kifundo cha mkono unakuta mapigo yanakwenda ovyo: moja hapa, mawili pale, kimya kidogo, tena matatu mfululizo. Na yeye anakutazama usoni akingoja useme jambo. Mara nyingi sikuwa na jambo la kusema, na hali hiyo ilinifanya mkali.

Fundi alikuwa mmoja wao. Alitengeneza vitanda na makabati Kawangware, na nyumbani kwake, kwa jinsi nilivyojua mimi, kulikuwa Silanga, karibu na bwawa, ambako mkewe aliuza makaa. Huyo mke ndiye aliyemleta mara ya kwanza, miguu imevimba hadi viatu havikufungwa kamba, anahema kana kwamba amebeba kitanda kimojawapo mgongoni. Daktari wetu, aliyekuja mara moja kwa wiki, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema moyo umechoka na mapigo yamepoteza mpangilio. Akampa dawa mbili: moja ya kumkojoza, ili maji yatoke miguuni, na nyingine kidonge kidogo cheupe cha kutuliza mapigo.

Kuhusu hicho cheupe, daktari alinionya mbele ya wote. Kimoja kwa siku, basi. Kikizidi, kinaupunguzia moyo mwendo mpaka unaweza kusimama. Nikampeleka mke pembeni nimweleze tena, kwa sababu nilijua nyumbani mwenye dawa ni mke. Sina kipaji cha upole. Nilimwambia akichezea kile kidonge atabaki mjane. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama ni kabla ya chakula au baada, nikamwambia baada.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Miguu ilipungua, mapigo yakatulia, fundi akaanza kunitania kwamba akipona kabisa atanitengenezea kitanda cha kifalme, maana kile cha zahanati kilikuwa na mguu mmoja wa matofali. Kisha, bila sababu yoyote niliyoiona, mambo yakageuka. Mapigo yakaanza kushuka. Kila alipokuja yalikuwa ya polepole kuliko wiki iliyopita. Akaacha kula vizuri. Alisema harufu ya chakula inamtia kichefuchefu. Siku moja aliniangalia sana, nikadhani anataka kusema jambo zito, kumbe anatazama nguo yangu ya kazi.

"Sista, mlibadilisha uniform?"

"Aje?"

"Naiona yellow. Hata ugali siku hizi ni kama ile ya unga wa njaa."

Wakenya wa umri wangu hawahitaji kuelezwa unga wa manjano wa mwaka wa njaa. Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka kinywani, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwamba mtu wa kile kidonge akianza kuona vitu vya manjano, basi kimemzidi mwilini. Nikampima tena. Mapigo yalikuwa chini mno. Nikamwita mke, nikamwambia asimpe kidonge cheupe tena mpaka nimwambie mimi. Daktari alipokuja akasema nimefanya vyema. Akataka pia fundi apelekwe hospitali kubwa akapimwe moyo kwa mashine. Fundi akasema ana oda za vitanda, akimaliza ataenda.

Wiki iliyofuata nilitarajia kumkuta afadhali. Nikakuta amezidiwa. Mapigo yako chini zaidi, ametapika asubuhi, macho yamechoka. Sikuelewa. Dawa imesimamishwa, na mtu anaendelea kuwa kama anayeimeza. Nilidhani saa yangu imekufa, nikaazima ya mama aliyekuwa akifagia, nikapima upya. Ikawa ni yaleyale. Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, navyo havikuwa na msaada. Nilikaa pale nikijiuliza kama mimi ndiye niliyeacha kuelewa kazi yangu.

Mtu asipoelewa hutafuta wa kumlaumu, na mke alikuwa karibu. Nilimwita nikamhoji kama polisi. Nilimwambia najua anampa dawa kwa siri. Aliondoka bila kujibu, nikadhani amekimbia. Baadaye alirudi na mkebe wa majani ya chai, mikono bado myeusi kwa makaa, akaumimina mezani kwangu. Vidonge vyeupe vyote vilikuwemo.

"Sista, nilikuambia nimewacha. Sasa unataka niape na nini?"

Nilivikusanya vile vidonge kimoja kimoja nikavirudisha mkebeni, nikimshuku bado, nikijishuku na mimi. Yeye alikaa akinitazama. Alikuwa na hofu kubwa, nami niliiona na bado sikumwambia neno la kumtuliza, kwa sababu sikuwa nalo.

Siku chache baadaye, asubuhi, pikapu ilisimama mlangoni. Fundi alikuwa ameanguka karakanani kwake Kawangware. Mteja aliyekuja kuchukua kitanda chake ndiye aliyempakia, na fundi, hata akiwa amelegea vile, alikataa kupelekwa kwingine ila kwetu. Pamoja naye aliteremka mwanamke kijana niliyekuwa sijawahi kumwona, kitambaa kichwani, ameshika karatasi iliyofungwa vizuri kama ya njugu.

"Wewe ni nani wake?" nikamuuliza tukimlaza.

"Mimi ni bibi yake."

"Bibi yake namjua. Anauza makaa hapa Silanga."

"Huyo ndiye mkubwa. Mimi niko Kawangware." Kisha akanipa ile karatasi. "Nimempatia dawa yake, lakini ameitapika. Nimpatie ingine?"

Nikaifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe, ndugu wa vile vya kwenye mkebe.

Nilimuuliza polepole amevipata wapi. Akaeleza. Miezi iliyopita aliiona miguu ya mumewe imevimba, akampeleka kliniki ya hukohuko Kawangware, akapewa dawa za moyo, kimoja cheupe kwa siku, baada ya chakula. Naye alikuwa akimpa bila kukosa. Fundi alikula mchana kwake, kwa kuwa karakana iko pale, na jioni akala Silanga kwa mke mkubwa. Mchana kidonge, jioni kidonge. Na mimi niliposimamisha kile cha jioni, cha mchana kiliendelea, kikiongezeka juu ya vile vilivyokwisha kujaa mwilini.

Nilikuwa nimemuuliza fundi kuhusu chumvi, sigara, pombe na hata mitishamba. Kuhusu nyumba alizonazo sikumuuliza, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwamba hilo ni swali la ugonjwa wa moyo.

"Mzee, ulikuwa unameza mbili?" Nilimwinamia sikioni tukisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa.

"Moja huku, moja kule."

"Na uliona ni sawa?"

Alifumba macho kidogo. "Dawa inakuja na sahani, sista. Nikimaliza chakula ya huyu niwache dawa yake, ataniuliza, kwani ya nani ndio unameza?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kama kweli nilielewa. Mwanamume wa nyumba mbili anakula kote kuwili. Hata akiwa ameshiba hadi kooni, hawezi kurudisha sahani ya mmoja, kwa maana ataonekana amemkataa mwenye kupika, na ugomvi wa sahani hufika hadi ushago, kijijini kwa wazee. Mimi mwenyewe nilisema dawa iliwe baada ya chakula. Nikaifanya iwe sehemu ya chakula. Nilitaka kumfokea, nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, vyote kwa wakati mmoja, nikaishia kumrekebishia mto.

Alipona. Hospitali ilimsimamishia dawa, ikamlaza mpaka moyo ukarudi kwenye ovyo wake wa kawaida, ambao sasa ulienda mbio tena. Kwa hiyo kidonge alikihitaji. Daktari wetu alisema wazi: bila hicho moyo utachoka, vikiwa viwili utasimama. Akaniachia mimi kazi ya kuhakikisha ni kimoja.

Niliwaita wote watatu. Wanawake walikaa kwenye benchi moja, fundi katikati, na hewa ya chumba kile ingekatwa kwa msumeno wake. Nikasema dawa itakaa nyumba moja tu, na wachague mbele yangu. Kwanza nilipendekeza fundi akae nayo mwenyewe. Wake wote wawili waliguna pamoja, nafikiri ndilo jambo la kwanza walilowahi kukubaliana. Mtu huyo alitafuta penseli kila siku ikiwa imechomekwa sikioni mwake.

"Mimi msiniulize," fundi akasema, akiangalia sakafu.

Mke mdogo alishika kitambaa chake kwa nguvu, na niliona anataka kusema ila haruhusiwi kuanza mbele ya mkubwa. Huyo ni mikayi, mke wa kwanza kwa Wajaluo, na neno lake hutangulia. Nilikuwa na uhakika atasema dawa ibaki kwake. Ni haki yake, na alikuwa ameifuata amri yangu hata nilipomtukana.

"Mpatie huyu," akasema.

Nilifurahi. Nikamsifu mbele ya mumewe kwamba ana moyo mkubwa. Nilimpa mke mdogo vidonge, nikamrudia yaleyale ya kimoja na kisizidi, wakatoka. Mke mkubwa alibaki nyuma akikunja leso yake ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Sista, si moyo mkubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nikikosea, watasema nilimuua juu ya wivu. Huyu akikosea watasema ni mtoto, hakujua."

Akatoka. Sikujua kama niliyoyasikia ni hekima, ni woga, au ni mapenzi yaliyokosa njia nyingine ya kupita. Nilijiambia la muhimu ni mgonjwa, na mgonjwa ana dawa moja, nyumba moja. Nikaita anayefuata.

Fundi aliendelea vizuri. Alikuja kupimwa mapigo, akiwa amenawiri, na utani wake wa kitanda cha kifalme ukarudi. Lakini nilianza kumwona akitokea upande wa barabara ya Kawangware, si wa bwawa, na nilipomuuliza watu wa Silanga wakoje, alijibu tu, "Wako." Safari nyingine nilimbana zaidi. Akageuza mkono wake juu chini, akautazama.

"Dawa iko kule, sista. Mlisema nisikose. Nikitoka kazi nimechoka, nakula huko, nameza, nalala. Kutembea tena mpaka Silanga na hii kifua?"

Hakuwa amekosea. Kila neno lilikuwa letu, mimi na daktari. Tulimwambia apumzike, asipande mlima jioni, asikose dawa. Sikumwambia asihame. Sikumwambia abaki. Mapigo yake yalikuwa mazuri kuliko nilivyowahi kuyashika, na nilipouachia mkono wake nilijisikia vibaya, na sikuweza kujieleza kwa nini, kwa sababu mtu aliyekuwa afe hakufa.

Kisha mke mkubwa akaja. Alikaa kwenye foleni na akina mama wenye watoto, akasubiri zamu yake kama mgonjwa, na alipoingia akaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi.

"Fundi alikuja kupimwa?"

"Alikuja juzi."

"Inapiga aje?"

"Vizuri sana, mama."

Akatikisa kichwa. "Usiniambie vizuri. Nionyeshe vile nilikuwa naisikia usiku."

Sikujua anataka nini. Nilimtazama, naye akaitazama meza. Ndipo nikaweka kidole changu juu ya mbao, nikayakumbuka mapigo ya mumewe, ya ovyo bado ila yaliyotulia, nikaanza kuyagonga: moja, nafasi, mawili ya karibu, nafasi ndefu, moja tena. Aliulaza mkono wake mezani, kiganja chini, kando ya kidole changu, ili asikie kupitia mbao. Nje mama mmoja alibisha mlango akiuliza kama tunaongea hadithi. Niliendelea kugonga. Nilipotaka kuacha, akaniambia nirudie, nikarudia.

"Ni yeye," akasema, na hakuutoa mkono.