Mbuzi Watatu wa Mama

Msimu wa ndengu, kijiji chetu karibu na Emali kilinuka vumbi kavu la maganda, lile linalowasha koo. Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Mama, mzaliwa wa Tanzania, alibaki kwa mama mkwe wake, Susu wangu. Siku moja chifu akaja na daftari. Serikali ilitaka wageni waandikwe, na asiye na karatasi wala ndoa arudi kwao. Mama akamsalimia, "Shikamoo." Chifu akacheka. "Sasa mama, hapa ni nani husema hivyo? Umejitangaza mwenyewe." Halafu akasema, bila ubaya nafikiri, kwamba mimi ni mtoto wa hapa, nitabaki. Ndipo nikaishika nguo ya Mama.

Kwetu Ukambani msichana haitwi mke mpaka mbuzi watatu wa ntheo wapokelewe na watu wake. Baba hakuwahi kuwapeleka. Chifu alimwuliza Susu kama huyu ni mke wa mwanawe, na neno moja tu lingetosha. Lakini Susu alikuwa mama wa kanisa. "Sitadanganya. Mbuzi hazikuenda." Mama akainamisha kichwa. "Nimesema hazikuenda," Susu akaongeza. "Sijasema hazitaenda. Nipe mpaka Ijumaa."

Ndugu wa pekee wa Mama upande huu alikuwa Mjomba Elia, aliyepakia vitunguu kwenye malori pale Emali, naye hakuwa na karatasi yoyote. Kupokea mbuzi kulimaanisha kusimama mbele ya chifu. Mama alimwomba asije. "Nisipokuja, nani atakula mbuzi wako, dada?" Ijumaa akaja na shati safi, akashika kamba tatu, na chifu akaandika kwamba Mama ni mke wa boma hilo. Kisha akageuza ukurasa, akauliza kama kuna mgeni mwingine. Niliogopa kalamu itarudi kwa Mama. Nikasema kwa sauti, "Mgeni ni Mjomba. Si Mama."

Hakuna aliyenipiga. Mjomba alinishika kichwa, "Mtoto amesema kweli," akapanda pikipiki ya chifu, akarudishwa mpakani. Mama husema Mjomba angeulizwa tu, daftari lilikuwa wazi. Labda. Tena chifu alimwacha amalize chai, hilo nisilifiche. Kinachonitisha ni kwamba pikipiki ilipoondoka, nilifurahi.

Leo Mama ana kitambulisho, nami nina changu, naishi mjini Wote. Watu husema mpaka si mgumu kama zamani, lakini Mjomba hajarudi, na hata kwa simu sijawahi kumwomba msamaha. Juzi maofisa wawili, wenye adabu, walipita wakiuliza wageni katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Jirani yangu ni Mrundi muuza njugu, na mtoto wake alikuwa kwangu anakula. Mmoja akachungulia, akauliza huyo ni wa nani. Walikuwa kazini, siwalaumu. Susu angesema ukweli. Mimi nilisema ni wangu.